Nilipata 62 kwenye mchujo na bado sikuitwa: safari hii nisome nini?

Swali: Shikamoo mama. Nina astashahada ya utawala wa serikali za mitaa. Nimeshaitwa mara mbili kwenye usaili wa mchujo na mara zote nikaishia hapo hapo. Mara ya mwisho nilipata 62, nikajua nimepita, kumbe kwenye orodha mbele ya namba yangu imeandikwa sikuchaguliwa. Sasa halmashauri moja imeniita tena, nafasi ni Mtendaji wa Kijiji Daraja la III, na zimebaki wiki tatu. Kwenye kundi letu la Telegram kuna kaka anauza pepa (karatasi ya mtihani) kwa shilingi 30,000. Wengine wananiambia bila kujuana na mtu nitapoteza nauli tu. Nisome nini, na je, hiyo pepa ninunue?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Nimestaafu utumishi nikiwa upande wa rasilimali watu. Maswali ya aina hiyo nimeyatunga, nimeyasahihisha, na kwenye jopo la mahojiano nimekaa. Nianze na hiyo 62, maana naona ndiyo iliyokuumiza, na ukiielewa vizuri utajua cha kusoma.

Shuleni tumezoea kwamba ukivuka alama fulani umefaulu, basi. Mchujo hauko hivyo. Ukivuka nusu umetoka tu kwenye kundi la walioshindwa. Wanaoitwa mahojiano ni wale wa juu, kwa idadi inayolingana na nafasi zilizopo. Halmashauri yenye kibali cha watendaji kumi haiwezi kuhoji watu mia tano. Inapanga alama kuanzia juu kwenda chini, inahesabu wanaotosha, inakata mstari. Mstari huo unaamuliwa na wenzako mliokaa nao ukumbini, na ndiyo maana mwaka huu unaweza kuwa 58 na mwaka ujao 80. Unakumbuka mwaka 2014, vijana zaidi ya 10,000 walivyojazana Uwanja wa Taifa kugombea nafasi 70 za Idara ya Uhamiaji. Mwaka 2025 Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) ilitangaza nafasi 1,596, waombaji wakafika 135,027. Kwa wingi huo, aliyejiandaa ili avuke nusu hajajiandaa.

Lakini tazama upande wa pili. Chukua karatasi ya maswali 50, kila swali alama mbili. Ukipata 62 umepatia maswali 31. Kama mstari ulikatwa kwenye 74, ulipungukiwa maswali sita. Sita tu! Kwa hiyo usirudi kusoma kila kitu upya kana kwamba hujui kitu. Yale ya jumla unayajua tayari: maana ya utawala bora, mihimili mitatu ya dola, nani ni nani serikalini. Na wenzako wote wanayajua hayo hayo, hivyo hayamwachi mtu nyuma wala kumpeleka mbele. Maswali sita yaliyokuangusha yako ndani ya kazi yenyewe, na kazi yenyewe imeandikwa kwenye tangazo.

Hapa ndipo vijana wengi wanaponishangaza. Mtu anasoma tangazo kwa ajili ya kuangalia sifa na mwisho wa kutuma maombi, akishatuma halisomi tena. Anaanza kuhangaika kutafuta silabasi. Mtunga maswali anapokaa kutunga, karatasi iliyo mezani kwake ni ile ile orodha ya majukumu. Ana muundo wa utumishi wa kada hiyo, yaani waraka wa sifa na majukumu ya kila daraja, ana sheria zinazoihusu, basi. Hana kitabu cha siri.

Lifungue sasa hivi tangazo la Mtendaji wa Kijiji Daraja la III. Litakuambia, kwa maneno haya au yanayokaribiana nayo: ni Afisa Masuuli na Mtendaji Mkuu wa Serikali ya Kijiji, ni mlinzi wa amani, ni katibu wa mikutano na kamati zote za Halmashauri ya Kijiji, anasimamia utungaji wa sheria ndogo za kijiji, anapokea malalamiko na kutatua migogoro ya wananchi, anaongoza wataalamu waliopo kijijini, anatunza kumbukumbu, anawajibika kwa Mtendaji wa Kata. Nunua daftari kubwa, kila jukumu lipe kurasa zake, halafu uliulize: sheria gani inasema hivi? Nani anahusika? Wangapi? Kila baada ya muda gani? Hatua ya kwanza ni ipi na ya mwisho ni ipi? Ni nini mtendaji haruhusiwi kufanya?

Nikuoneshe kwa jukumu moja, la ukatibu. Sheria yake ni ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya), Sura ya 287. Humo utakuta Halmashauri ya Kijiji ina wajumbe wasiopungua 15 na wasiozidi 25. Utakuta Mkutano Mkuu wa Kijiji ni wa wakazi wote wa kawaida wa kijiji waliofikisha miaka 18, na ndicho chombo cha juu cha maamuzi ya sera kijijini. Mkutano huo unakaa walau mara moja kila miezi mitatu, Halmashauri ya Kijiji walau kila mwezi. Kamati za kudumu ni tatu: Fedha na Mipango, Huduma za Jamii, Ulinzi na Usalama. Anayeongoza vikao ni mwenyekiti wa kijiji, aliyechaguliwa na wananchi kwa kipindi cha miaka mitano (uchaguzi wa mwisho ulikuwa tarehe 27 Novemba 2024); mtendaji ni mwajiriwa, yeye anaitisha kwa maelekezo ya mwenyekiti, anaandika muhtasari, anatunza nyaraka. Hesabu mwenyewe: hapo pana maswali zaidi ya matano, na yote yana jibu moja lisilobishaniwa. Mtunzi anayapenda kwa sababu hiyo. Msailiwa aliyesoma juu juu atachagua kwamba mtendaji ndiye mwenyekiti wa Mkutano Mkuu, kwa kuwa kijijini kwao ndivyo alivyomwona mtendaji akishika kipaza sauti.

Jukumu la sheria ndogo ni hivyo hivyo. Halmashauri ya Kijiji inaandaa mapendekezo, inaitisha Mkutano Mkuu ili wananchi watoe maoni, kisha rasimu inapelekwa Halmashauri ya Wilaya kuidhinishwa. Sheria ndogo ya kijiji haiendi kwa waziri. Ile ya halmashauri ya wilaya ndiyo inayohitaji idhini ya waziri mwenye dhamana ya serikali za mitaa. Uking'amua tofauti hiyo tu, swali moja kati ya yale sita umelipata.

Kwenye kulinda amani, soma hasa mipaka. Kuwa mlinzi wa amani hakumfanyi mtendaji kuwa hakimu. Anayekamatwa kwa kosa apelekwe polisi au mahakamani kwa utaratibu. Ofisi ya kijiji haina mahabusu yake wala mtendaji hana hukumu yake. Na kwenye migogoro ya ardhi, fungua Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, Sura ya 114. Baraza la Ardhi la Kijiji lina wajumbe saba, watatu kati yao angalau wawe wanawake, na kazi yake ni kusuluhisha. Halmashauri ya Kijiji haigawi ardhi bila idhini ya Mkutano Mkuu. Hicho kipengele cha mwisho kiweke kichwani, nitakirudia kwenye mahojiano.

Uafisa masuuli ni habari ya fedha. Jifunze mapato yanakusanywaje kwa mashine ya POS, kwa nini yanapelekwa benki kabla ya kutumika, na kwa nini kutumia fedha mbichi, yaani kabla hazijapita benki, ni kosa hata kama umenunulia saruji ya zahanati na risiti unayo. Jifunze taarifa ya mapato na matumizi inasomwa wapi na mbele ya nani. Pitia pia upangaji shirikishi, ule wa Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo, kwa kuwa mtendaji ndiye anayeuendesha kijijini na vitongojini. Na mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: nne wanawake, nne vijana, mbili watu wenye ulemavu. Ilisimamishwa mwaka 2023 ili utaratibu urekebishwe, ikarejeshwa mwaka uliofuata. Mwananchi atakayekuja ofisini kwako atauliza hilo kabla ya mengine yote, ndiyo maana nisingeshangaa kulikuta kwenye mtihani.

Zaidi ya majukumu, yapo machache ambayo kila mtumishi wa umma anaulizwa, awe dereva au mhasibu. Kanuni za Maadili ya Utendaji katika Utumishi wa Umma zina misingi minane, nayo ni kutoa huduma bora, utii kwa serikali, bidii ya kazi, kutoa huduma bila upendeleo, uadilifu, kuwajibika kwa umma, kuheshimu sheria, na matumizi sahihi ya taarifa. Usikariri majina tu. Kwa kila msingi tafuta tukio la kijijini, mfano mtendaji aliyempa jirani yake siri ya kikao cha ulinzi na usalama; amevunja upi? Maswali ya sasa yanakuja kwa mtindo huo wa tukio. Ibara ya 145 na 146 za Katiba ya 1977 ndizo msingi wa serikali za mitaa, zisome neno kwa neno, ni fupi. Na upitie Dira ya Taifa ya Maendeleo 2050 iliyozinduliwa Julai 2025, nguzo zake na malengo makuu. Hesabu za asilimia na uwiano zifanyie mazoezi kidogo kila siku, inatosha.

Sasa ya pepa. Usinunue. Kama ni mtihani wa kweli uliovuja, basi unanunua kosa la jinai. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 inamhesabu anayetoa sawa na anayepokea, na ukibainika hata uliyoyapata kwa jasho lako yanafutwa. Kama si wa kweli, na mara nyingi si wa kweli, umenunua mkusanyo wa maswali ya zamani yenye majibu aliyoyajaza mtu asiyejulikana. Huo mkusanyo ninaufahamu, hutumwa hata kwangu na vijana wakitaka niwahakikishie majibu. Ndani yake utakuta mtumishi anapimwa utendaji wake kwa mfumo wa OPRAS, wakati siku hizi ni PEPMIS. Utakuta zabuni za serikali zinatangazwa kwenye mfumo wa mtandaoni wa TANePS, wakati tangu mwaka 2023 ni NeST. Utakuta Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2011, ilhali iliyopo ni ya 2023, na Kanuni za Utumishi wa Umma za 2003 badala ya zile za 2022. Majibu hayo yalikuwa sahihi siku zake. Leo kila moja linakunyang'anya alama mbili, na unakuwa umelilipia. Maswali ya zamani uyatumie kwa kazi moja tu: kuona mtindo wa kuuliza. Jibu litafute kwenye sheria yenyewe. Sheria zetu nyingi zina tafsiri ya Kiswahili na zinapatikana bure mtandaoni kwenye tovuti za serikali.

Kuhusu kujuana, najua maneno hayo yanatoka wapi na sitakudharau kwa kuyauliza. Vijana wameomba mara nyingi, wamekopa nauli, wamelala kwenye stendi. Mtu wa hivyo akikosa lazima atafute sababu. Ninachoweza kukuambia kwa uhakika ni hiki: kwenye mchujo unatumia namba, si jina, na matokeo yanabandikwa kwa namba. Kadiri mitihani inavyohamia kwenye kompyuta, mkono wa mtu unazidi kukaa mbali na alama zako. Atakayekupigia simu akisema ana mtu ndani na anahitaji "cha kufungulia mlango", huyo hana mtu. Mripoti TAKUKURU, namba yao ya bure ni 113.

Wiki tatu zako uzigawe hivi. Mbili za mwanzo ni za daftari la majukumu, asubuhi ukiwa bado na akili safi. Ukimaliza jukumu, funga daftari, tunga maswali kumi ya kuchagua, tena utunge na majibu ya uongo yanayoshawishi. Ukiweza kutunga jibu la uongo linaloshawishi, ujue jambo hilo umelielewa. Kama una mwenzako aliyeitwa pia, badilishaneni. Najua mnashindana, lakini washindani wako ni mamia na huyo mmoja atakufaa kuliko atakavyokupunguzia. Wiki ya mwisho ni ya kufanya mitihani ya saa. Weka simu mezani, dakika moja kwa swali, swali linalokusumbua ruka, rudi baadaye. Barua yako ya wito ikionesha kwamba mtihani ni wa kompyuta, nenda kwenye huduma za intaneti hata mara mbili ukazoee kipanya na kusoma kwenye kioo. Nimeona watu wenye uelewa mzuri wakipoteza dakika za mwanzo wakitetemeka mbele ya mashine.

Vyeti usivifanyie mzaha. Wanaozuiwa mlangoni kila mwaka wapo, na wengi wao wangefaulu. Beba vyeti halisi kuanzia cha kuzaliwa, kidato cha nne na kuendelea mpaka cha chuo. Hati ya matokeo ya kidato cha nne haikubaliki badala ya cheti, wala matokeo ya muda ya chuo. Kitambulisho kiwe mojawapo ya vilivyotajwa kwenye tangazo la kuitwa. Kama cheti cha kuzaliwa kina jina moja na cha shule kina jingine, hata kama ni herufi moja tu, kashughulikie hati ya kisheria ya majina wiki hii, usingoje ya mwisho. Na ingia kwenye akaunti yako ya Ajira Portal, ule mfumo wa mtandaoni wa maombi ya kazi serikalini, unakili namba ya usaili, kwa sababu siku yenyewe hakuna wa kukutafutia. Nauli, chakula na malazi ni juu yako. Ukitoka mbali, fika siku moja kabla.

Ukivuka mchujo, mahojiano ni mafupi na yanahusu jinsi unavyofikiri. Salimia, subiri uambiwe ukae, ukiulizwa ujitambulishe eleza elimu yako na kazi ulizowahi kushika zinazohusiana na nafasi, usisimulie ukoo. Kisha utapewa tukio. Nikupe moja, ujifunze namna ya kulijibu: umeripoti kijiji kipya, wiki ya kwanza wananchi wanakuja wakilalamika kwamba mwenyekiti amemgawia mfanyabiashara ekari 40 za malisho. Utafanya nini?

Wengi hujibu, "Nitaitisha mkutano niwasuluhishe," wakanyamaza. Wengine, kwa kutaka kuonekana majasiri, husema watamnyang'anya mwenyekiti muhuri. Jibu linalopata alama linakwenda kwa ngazi. Nitawasikiliza walalamikaji na kuyaandika malalamiko yao kwenye rejesta. Nitafungua mafaili nione kama upo muhtasari wa Halmashauri ya Kijiji na wa Mkutano Mkuu ulioridhia ugawaji huo, kwa kuwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji hairuhusu kugawa bila idhini ya Mkutano Mkuu. Nitaonana na mwenyekiti kwa heshima, nimweleze sheria inavyosema na nimsikilize, huenda kuna nyaraka sijaiona. Nitamtaarifu Mtendaji wa Kata kwa maandishi na kuomba ushauri wa ofisi ya ardhi na mwanasheria wa halmashauri. Jambo litapelekwa kwenye Halmashauri ya Kijiji, kisha Mkutano Mkuu, ambako wananchi wenyewe wataamua. Wakati huo nitawaomba pande zote zisiingie kwenye eneo hilo, na kamati ya ulinzi na usalama ifuatilie amani. Ukijibu hivyo kwa utulivu, jopo litaona mambo matatu kwa pamoja: sheria unaijua, mipaka yako unaijua, na hutawagombanisha watu. Jizoeze kwa sauti, mbele ya mtu, na matukio mengine: kituo cha afya kilichopotelewa dawa, mwanafunzi wa darasa la saba anayetaka kuozeshwa, mfugaji na mkulima waliokwishashika mapanga, mwalimu mkuu asiyekuja kwenye kikao chako cha wataalamu.

Swali usilolijua, sema hulijui na utaje ungelitafuta wapi. Kwenye jopo nilikuwa nikimwandikia alama mtu wa namna hiyo, kwani atakapokuwa peke yake kijijini bila wa kumuuliza hatatunga sheria ya kwake.

Mwisho kabisa, matokeo ya mahojiano yakitoka na hukupangiwa kituo ingawa ulifaulu, usifute chochote. Waliofaulu huhifadhiwa kwenye kanzidata na wapo wanaopangiwa baadaye nafasi inapopatikana kwingine. Hakikisha namba ya simu, barua pepe na anwani ya makazi kwenye akaunti yako ni za sasa, na uwe unaingia kuangalia wewe mwenyewe, usingoje kuambiwa na kundi la Telegram.